Sarufi ya Njia: Jinsi Programu za Wavuti Zinavyosoma Anwani

Anwani ya ukurasa wa wavuti, ile inayoandikwa juu ya dirisha la kivinjari, ni mfuatano wa herufi ambao watu wengi hawausomi kamwe. Huubonyeza au huunakili, kisha huusahau. Lakini upande wa pili, katika kompyuta inayotoa kurasa, mfuatano huo husomwa herufi kwa herufi, hukatwa vipande, hupimwa kwa kanuni, na mwishowe hupewa maana. Kazi hiyo ya kusoma imekabidhiwa sehemu moja ndogo ya programu iitwayo kielekezi cha njia. Mara nyingi sehemu hiyo haitungwi upya, bali huchukuliwa tayari kutoka katika maktaba, yaani mkusanyo wa programu ndogo ndogo zilizokwisha kuandikwa na watu wengine kwa matumizi ya wote. Mtunzi wa tovuti hana haja ya kueleza jinsi ya kusoma. Atakiwalo kueleza ni kanuni tu: anwani ya umbo hili iende huku, ya umbo lile iende kule.

Kanuni hizo zikikusanywa pamoja huwa ni sarufi, wala neno hilo halitumiki hapa kwa tamathali. Zina vipashio, zina mpangilio, zina tungo zinazokubalika na zisizokubalika, tena zina utata. Na kwa kuwa wengi wa waliozibuni hawakuwa wanaisimu, matatizo yaliyojadiliwa na wanasarufi kwa karne nyingi yamezuka tena humo na kutatuliwa upya, mara vizuri, mara vibaya. Jambo hili lawahusu wataalamu wa Kiswahili kwa sababu moja iliyo wazi. Kamusi, tenzi na majarida ya lugha sasa huwekwa katika wavuti, na uamuzi kwamba neno fulani la Kiswahili litafikika au halitafikika hufanywa mara nyingi katika mistari kumi au ishirini ya kanuni za namna hii, na mtu ambaye pengine hakuwa akikifikiria Kiswahili hata kidogo alipoziandika.

Katika miaka ya kwanza ya wavuti shida hii ilikuwa ndogo. Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la kwanza mwaka 1989 katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, na kwa muda baada ya hapo anwani ilikuwa kwa kawaida jina la faili. Mikwaju, yaani vile vistari vya mshazari vinavyotenga maneno ya anwani, ilionyesha faili limewekwa katika sehemu gani ya diski, na seva haikuwa na la kufanya ila kwenda kulichukua na kulituma. Umbo la anwani liliandikiwa waraka rasmi mnamo Desemba 1994, unaojulikana kwa namba yake, RFC 1738. Waraka unaotegemewa zaidi leo ni RFC 3986, wa Januari 2005. Kurasa zilipoanza kutungwa na programu papo hapo, badala ya kukaa tayari katika faili, anwani zilijaa mambo ya ndani: jina la programu, alama ya kuuliza, na namba ya rekodi, kama vile /cgi-bin/onyesha?id=4512. Anwani ya namna hiyo humpa msomaji habari za ghala, haimpi habari za kitu alichokijia. Mwaka 1996 Ralf S. Engelschall alitunga kwa ajili ya seva ya Apache kipande cha programu kiitwacho mod_rewrite, kilichoweza kuipokea anwani safi na kuigeuza kuwa ile chafu kabla haijafika ndani. Basi likapata nguvu wazo kwamba umbo la nje la anwani si lazima lifanane na umbo lake la ndani, wazo ambalo wanaisimu walikuwa wameligombania katika mambo yao wenyewe kwa miongo kadhaa.

Maktaba zilizolifanya wazo hilo kuwa kazi ya kila siku zilifuata. Ruby on Rails ilitolewa 2004. Django, iliyozaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, ilitolewa kwa umma Julai 2005. Sinatra ilitoka 2007, na Express na Flask zikatoka 2010. Zinatofautiana kwa lugha ya programu na kwa desturi, lakini mtu aliyeizoea mojawapo hatapotea katika nyingine.

Na ichukuliwe kamusi ya Kiswahili ya kubuni, ambayo mwenyewe anataka kurasa za namna nne: ukurasa wa mbele, ukurasa wa kutafutia, ukurasa wa kila neno, na ukurasa wa mifano ya matumizi ya kila neno. Kanuni zake zaweza kuandikwa hivi:

/kamusi
/kamusi/tafuta
/kamusi/:neno
/kamusi/:neno/mifano

Mkwaju ndio mpaka wa vipande. Kipande kisicho na alama ni thabiti: chataka herufi zile zile, wala hakikubali nyingine. Kipande kilichotanguliwa na nukta mbili ni nafasi iliyo wazi, yenye jina, ambayo yaweza kujazwa na chochote. Nukta mbili ni desturi ya Rails, Sinatra na Express; Django na Flask hulizingira jina la nafasi kwa mabano ya pembe, na tofauti hiyo ni ya maandishi tu. Kivinjari kikileta /kamusi/embe/mifano, kanuni ya nne huoana nayo, neno embe huwekwa katika nafasi yake, na kipande cha programu kinachoshughulikia mifano huitwa na kukabidhiwa embe. Isipopatikana kanuni ya kuoana, seva hujibu kwa namba 404, ambayo katika sarufi hii ina kazi ile ile ya nyota ambayo wanaisimu huiweka mbele ya tungo isiyokubalika.

Aliyefundisha kitenzi cha Kiswahili kwa jedwali la nafasi (kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa, kisha mzizi na kiishio) hataona jambo geni hapa. Na kama vile nafasi ya wakati haikubali kila kiambishi, ndivyo nafasi ya anwani iwezavyo kuwekewa sharti. Katika Django na Flask mtunzi aweza kusema kwamba nafasi fulani hupokea tarakimu tu, au hupokea herufi zozote isipokuwa mkwaju, au hata mfuatano wenye mikwaju ndani yake. Hii ya mwisho yafaa kuogopwa, kwa kuwa huweza kumeza kila kitu kilicho mbele yake na kuzinyima chakula kanuni nyingine.

Chini ya yote haya kuna nadharia inayojulikana vizuri. Katika makala iliyochapishwa 1956 Stephen Kleene alionyesha kwamba mifuatano inayoelezeka kwa fomula zinazojengwa kwa kuunganisha, kuchagua na kurudia ni ile ile hasa inayotambulikana na mashine yenye hali zenye ukomo, yaani mashine ambayo kumbukumbu yake yote ni kujua iko katika hali gani kati ya hali chache zilizohesabika. Mwaka huo huo Noam Chomsky alitoa hoja kwamba mashine ya namna hiyo haitoshi kuieleza sintaksia ya Kiingereza. Kwa anwani yatosha, tena yazidi, kwa maana katika anwani za kawaida hakuna kishazi ndani ya kishazi. Ken Thompson alieleza mwaka 1968 njia ya kuzigeuza fomula hizo kuwa programu ya kutafutia maandishi, na maktaba za njia hutembea katika barabara hiyo hadi leo. Werkzeug, maktaba iliyo chini ya Flask, ilikuwa ikizijaribu fomula moja baada ya moja. Tangu 2022 huziunganisha kanuni zote kuwa mashine moja ya hali, ambayo huisoma anwani kipande kwa kipande. Mashine za jamaa hiyo hiyo ndizo alizozitumia Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, kama alivyoeleza katika makala yake ya 1992. Tofauti ni ya ukubwa: mofolojia ya Kiswahili yahitaji mtandao mpana wa hali, na tovuti ya wastani yahitaji chache tu.

Sasa yafika mahali penye uzito. Anwani /kamusi/tafuta inaoana na kanuni ya pili, na inaoana vile vile na kanuni ya tatu, kwa maana tafuta ni kitenzi cha Kiswahili kilicho halali sawa na embe lilivyo nomino halali. Ipi ishinde?

Rails, Django na Express hujibu kwamba iliyoandikwa kwanza ndiyo itakayoshinda. Orodha husomwa kutoka juu, na kanuni ya kwanza kuoana humaliza shauri. Jibu hili lina sifa ya uwazi: atazamaye orodha aweza kujua yatakayotokea bila kufungua kitabu. Lakini lina adhabu yake. Mtunzi akiiweka kanuni ya tatu juu ya ya pili, ukurasa wa kutafutia hautafikika tena, wala hapatatolewa onyo lolote. Anayetaka kutafuta atapewa maelezo ya maana ya kutafuta. Makosa ya namna hii hayapigi kelele, na katika orodha ya kanuni mia mbili zilizoandikwa na watu kumi huweza kukaa miezi bila kuonekana.

Werkzeug hujibu vingine. Kila kanuni hupimwa kwa umahususi wake: kipande thabiti hutangulia nafasi iliyo wazi, na nafasi inayomeza mikwaju huja nyuma kabisa. Mpangilio wa kanuni katika orodha hauna neno. /Kamusi/tafuta itaishinda /kamusi/:neno hata kama imeandikwa mwisho.

Wanafunzi wa sarufi ya Kisanskriti watatabasamu kidogo. Pāṇini, aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, alitunga kanuni zipatazo elfu nne kwa ufupi wa kushangaza, na katika mfumo wake, kama wafafanuzi wake walivyouelewa, kanuni mahususi huizuia kanuni ya jumla. Pamoja na hayo aliweka kanuni maalumu, ya pili katika sehemu ya nne ya kitabu cha kwanza, ambayo jadi imeielewa kuwa zikigongana kanuni mbili zenye nguvu sawa, iliyokuja baadaye ndiyo itumike. Hivyo njia zote mbili, ya umahususi na ya mpangilio, zilikwisha kuonekana zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, ila mpangilio wa Pāṇini huipendelea ya mwisho, na wa Django huipendelea ya kwanza.

Kiswahili chenyewe kiko upande wa umahususi. Kanuni ya jumla ya ukanushi husema: tanguliza ha-. Kwa hiyo hatusomi, hamsomi, hawasomi. Lakini nafsi ya kwanza umoja ina kanuni yake, si-, nayo huizuia ile ya jumla kabisa: husemwa sisomi. (Hanisomi ipo, lakini hiyo ni habari nyingine: ni yeye asiyenisoma mimi.) Kadhalika kiti huwa kikubwa kwa kanuni ya ngeli yake, lakini kiboko huwa mkubwa, kwa sababu kanuni ya viumbe wenye uhai ni mahususi kuliko kanuni ya kiambishi ki-. Mzungumzaji haulizi ipi iliandikwa kwanza katika kitabu cha sarufi.

Kwa hoja hiyo yaweza kudhaniwa kwamba njia ya Werkzeug ndiyo bora siku zote. Hakika kwa tovuti kubwa inayoandikwa na mikono mingi ndiyo iliyo salama zaidi. Lakini umahususi haupimiki kila mara. Kama ipo kanuni /:lugha/tafuta, na ipo kanuni /kamusi/:neno, basi anwani /kamusi/tafuta inaoana na zote mbili, na kila moja ina kipande kimoja thabiti na nafasi moja iliyo wazi. Hakuna iliyo mahususi kuliko mwenzake. Maktaba hukata shauri kwa kusoma kutoka kushoto na kuipendelea yenye kipande thabiti mapema, na uamuzi huo ni wa maktaba, si wa mantiki. Mtunzi asiyejua hilo hana nafuu kuliko yule wa Django.

Tena, na hili ndilo kubwa zaidi, hakuna hata moja ya njia hizi mbili inayoliokoa neno tafuta. Ukurasa wa kutafutia ukishinda, kitenzi tafuta hakina anwani katika kamusi hiyo. Kitenzi kikishinda, kamusi haina ukurasa wa kutafutia. Ugomvi haukuanzia katika kuchagua kanuni ya kushinda. Ulianza pale vitu vya aina mbili, yaani kazi za tovuti na maneno ya lugha, vilipowekwa katika nafasi moja. Wapo wanaojitetea kwa kuweka orodha ya maneno yasiyoruhusiwa, dawa inayofaa pale ambapo wajazao nafasi ni majina ya watumiaji, kwani mtu aweza kuambiwa achague jina jingine. Neno la kamusi haliwezi kuambiwa hivyo. Na tovuti hukua: leo huongezwa ukurasa wa /kamusi/mpya, na kivumishi mpya hutoweka, kesho huongezwa /kamusi/msaada, na nomino msaada humfuata. Kamusi ya Kiingereza iliyo na sehemu zenye majina ya Kiingereza ina shida iyo hiyo, lakini kamusi ya Kiswahili iliyopachikwa juu ya tovuti yenye majina ya Kiingereza haiioni, hata siku tovuti hiyo itakapotafsiriwa.

Dawa ni kuongeza kipande thabiti kinachoitangaza aina ya kinachofuata:

/kamusi/tafuta
/kamusi/neno/:neno
/kamusi/neno/:neno/mifano

Sasa /kamusi/neno/tafuta ni kitenzi, na /kamusi/tafuta ni ukurasa wa kutafutia, wala hazigombani katika maktaba yoyote, iwe ya mpangilio au ya umahususi. Hata neno lenyewe, neno, lina mahali pake, /kamusi/neno/neno, kwa kuwa mara ya kwanza ni alama ya aina na mara ya pili ni kijazo. Anwani imerefuka kwa herufi tano. Hiyo ni bei ndogo.

Baada ya nafasi kupatikana, hubaki swali la vijazo vyenyewe, na hapa othografia ya Kiswahili ina mtego wake. Django hutoa aina ya nafasi iitwayo slug, jina lililotoka katika vyumba vya magazeti, ambako lilikuwa jina fupi la kuitambulisha habari kabla haijachapwa. Nafasi ya slug hukubali herufi za Kilatini zisizo na alama za juu, tarakimu, kistari kifupi na kistari cha chini, basi. Ritifaa haimo. Kwa hiyo kamusi iliyoitumia aina hiyo itaonyesha vizuri embe, nazi na nguo, lakini itajibu 404 kwa ng'ombe, ng'ambo, ng'oa na kila neno lenye king'ong'o hicho. Mtunzi akiligundua kosa hilo, mara nyingi hukimbilia kipande kingine cha Django ambacho kazi yake ni kutengeneza slug kutoka katika maneno ya kawaida, nacho huiondoa ritifaa. Ng'ombe huwa ngombe. Lipo la kusikitisha, lakini neno bado linatambulikana. Ng'oa huwa ngoa. Na ngoa ni neno jingine, lenye maana ya wivu au tamaa. Kung'oa jino na kulia ngoa sasa vina anwani moja, na rekodi iliyotangulia kuingizwa ndiyo inayoonyeshwa.

Desturi ya kuongeza namba, ngoa-2 kwa mfano, haiponyi. Kamusi za Kiswahili zina homografi za kweli: kaa wa baharini, kaa la moto, na kitenzi kaa, na hayo yastahili namba katika wavuti kama yanavyopewa namba katika vitabu. Lakini ngoa na ng'oa si homografi. Mwandishi wa Kiswahili huzitenga, msemaji huzitenga, na mtoto wa darasa la kwanza huzitenga. Mfumo unaoziunganisha kisha kuzitenga tena kwa namba umebuni homografi ambayo lugha haina.

Wala hapana sheria inayoulazimisha. RFC 1738 iliiorodhesha ritifaa miongoni mwa alama ziwezazo kuandikwa wazi katika anwani, na RFC 3986 yairuhusu ndani ya vipande vya njia. Ikiandikwa kwa msimbo huwa %27, na seva huifumbua kabla ya kuilinganisha na kanuni. Yatosha basi mtunzi aitumie aina ya nafasi inayokubali kila kitu isipokuwa mkwaju. Lakini ajue kwamba ritifaa huja kwa sura zaidi ya moja. Ile ya taipureta ni %27. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kuombwa, huja kama %E2%80%99. Na ile iliyokusudiwa na Unicode kuwa herufi na si alama ya uakifishi huja kama %CA%BC. Kwa macho ya msomaji zote ni ng'oa. Kwa mashine ni maneno matatu. Kamusi iliyotunzwa vizuri huchagua sura moja, na anwani zenye sura nyingine huzipeleka huko. Herufi kubwa zahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo, kwa maana katika sehemu ya njia Embe na embe huchukuliwa kuwa mifuatano tofauti.

Kuna waliotaka kwenda mbali zaidi na kuifanya kanuni ya njia ijue mofolojia, ili aandikaye /kamusi/neno/watoto afikishwe mtoto kwa kubadili wa- kuwa m-. Kanuni hiyo itampeleka aandikaye wakati kwenye mkati, na aandikaye wali kwenye mli. Kielekezi hujua herufi tu, hakijui ngeli. Kazi ya kumtambua mtoto ndani ya watoto ni ya kichanganuzi cha maumbo, nacho chapaswa kukaa nyuma ya mlango, si mlangoni.

Sarufi iliyoelezwa hadi hapa ni ya kusoma. Lakini tovuti huandika anwani pia: kila ukurasa wa neno una viungo vya kwenda kwenye visawe, mifano na maneno ya jirani. Mtunzi mwepesi huziandika anwani hizo kwa mkono katika kila ukurasa, na siku kanuni ibadilikapo, viungo mamia hufa kwa pamoja. Kwa hiyo maktaba nzuri humruhusu aipe kila kanuni jina, kisha aombe: niandikie anwani ya kanuni iitwayo neno, kijazo kiwe embe. Sarufi ile ile sasa yazalisha badala ya kuchanganua. Jambo hili ni jema, lakini lina masharti. Django haiwezi kuigeuza fomula yenye alama ya uchaguzi, kile kistari cha wima chenye maana ya ama hiki au kile, kwa sababu katika kusoma chochote kati ya viwili chafaa, na katika kuandika lazima kichaguliwe kimoja. Na hata panapogeuzika, safari ya kwenda na ya kurudi huweza kupishana: nafasi ya tarakimu ya Django huipokea /toleo/0042, huigeuza kuwa namba 42, na ikiambiwa iandike anwani ya toleo hilo huandika /toleo/42. Hivyo ukurasa mmoja una majina mawili, na watajao marejeo watagawanyika.

Kuhusu kitendo kinachoandamana na anwani, yaani kusoma, kuleta kipya au kufuta, maktaba hazikukubaliana. Express na Flask hukifanya kuwa sehemu ya kanuni, hata anwani moja iweze kwenda kwa watendaji wawili kufuatana na kitendo, na katika Flask kitendo kisichokubaliwa hujibiwa 405 badala ya 404. Orodha ya Django haikitazami kabisa, humwachia mtendaji. Kila upande una hoja, na kwa kamusi inayosomwa tu shauri hili si zito.

Zito ni la kudumu kwa anwani. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika insha akisisitiza kwamba anwani njema haibadiliki, na kwamba inapobadilika, mbadilishaji ni mtu, si teknolojia. Mwanachuoni atajaye ukurasa wa kitabu ana hakika kwamba ukurasa huo hautahama rafu. Atajaye ukurasa wa kamusi ya wavuti hana hakika hiyo, isipokuwa kama mwenye kamusi ameamua kumpa. Kamusi ya mfano wetu, kwa kuhama kutoka /kamusi/embe hadi /kamusi/neno/embe, imezivunja rejea zote zilizokwisha kuchapwa, na karatasi haisahihishwi. Lakini kanuni ya zamani yaweza kubakizwa, chini kabisa ya orodha, bila kuonyesha ukurasa wowote, kazi yake ikiwa kujibu kwa namba 301, yenye maana kwamba kitu kimehamia moja kwa moja, na kuitaja anwani mpya. Kwa neno ambalo limeondolewa katika kamusi kwa makusudi ipo namba nyingine, 410, isemayo kwamba lilikuwapo na halipo, habari ambayo 404 haiitoi.

Kanuni hiyo ya zamani ikiachwa mahali pake, aijaye na /kamusi/embe ya miaka ishirini iliyopita atafikishwa kwenye embe. Aijaye na /kamusi/neno, anwani ya zamani ya nomino hiyo, atafikishwa /kamusi/neno/neno, mradi mwenye kamusi asishawishike kuitumia /kamusi/neno kwa orodha ya maneno yote. Tafuta peke yake hakina cha kuhamishiwa, kwa kuwa chini ya kanuni za zamani hakikupata kuwa na ukurasa.